Simu inachemka kama pasi, betri itapona?

SWALI: Habari fundi, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Dar, simu naifunga kwenye usukani nafuata ramani huku naichaji na pawabenki, ikifika saa saba mchana inachemka kama pasi na siku hizi chaji haifiki hata jioni. Juzi nikaitia kwenye friji ipoe. Nakosea wapi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hiyo ya friji acha kabisa, ikitoka kwenye baridi ikaingia joto unyevu unajikusanya ndani na bodi inaweza kufa. Betri za simu ni za lithiamu, joto linazichosha haraka kwa ndani na uwezo ukishapotea haurudi tena. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 mpaka 35, sasa we fikiria jua la mchana linapiga moja kwa moja, kava nene la mpira, GPS iko on, skrini mwanga wote halafu juu yake unachaji! Hilo la kuchaji ikiwa ya moto ndo linaiua zaidi. Chajia kijiweni kivulini, toa kava, punguza mwanga.

Ila angalia na mfuniko wa nyuma, ukiona umeinuka betri imevimba, usiichaji tena wala usiibonyeze, wahi kwa fundi leoleo.