Linki Zinazotoka: Kwa Wanaoanza Kazi ya Tovuti Huku Mtwara

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kutengeneza tovuti hapa Mtwara huja na hofu moja: ukiweka linki ya kumpeleka msomaji kwenye tovuti ya mwingine, umegawa nguvu yako ya kupanda Google. Basi wanabandika nofollow, sifa inayoandikwa ndani ya kodi ya linki (rel="nofollow"), kwenye kila linki inayotoka, kisha wanasubiri kupanda. Hawapandi.

Nofollow ililetwa mwaka 2005, Google, Yahoo na MSN walipokubaliana kupambana na watu waliokuwa wakimwaga linki za matangazo popote palipoachwa wazi. Maana yake ni "linki ipo, ila huyu simdhamini." Wajanja wakaona mwanya: ukurasa wenye linki kumi, ukizifunga tano kwa nofollow, tano zilizobaki zitapata mgawo mnono wa nguvu hiyo. Mwaka 2009 Matt Cutts, aliyekuwa Google, akaeleza kwamba hesabu haiendi hivyo. Zote kumi zinahesabiwa, na mgawo wa zilizofungwa unapotea tu. Ni sawa na kumnyima jirani kisado chake cha korosho, halafu ukaenda kukimwaga baharini.

Septemba 2019 Google wakaongeza sifa nyingine mbili: sponsored kwa linki za malipo, na ugc kwa linki zinazowekwa na watumiaji wenyewe. Zote hizi, pamoja na nofollow, siku hizi wanazichukulia kama dokezo. Uamuzi wanabaki nao wao.

Sasa chukua tovuti ya nyumba ya wageni pale Mikindani. Ukurasa wa matembezi unataja mifupa ya dainosaria ya Tendaguru, kule Lindi, iliyopelekwa Ujerumani. Weka linki ya jumba la makumbusho la Berlin, iache wazi bila sifa yoyote. Linki ya UNESCO kuhusu Kilwa Kisiwani, vilevile. Linki ya mtandao wa kuhifadhi vyumba unaokulipa kamisheni inapewa rel="sponsored". Wageni wakiruhusiwa kuandika maoni na kuweka linki zao, hizo ni ugc. Na rafiki wa mwenye nyumba anayekodisha magari? Kama anatajwa kwa sababu anafaa, iache wazi. Kama analipa, hata kwa kuwabeba wageni bure, hayo ni malipo.

Hapo kwenye malipo ndipo penye balaa. Tovuti ikianza kuonekana, utaletewa ujumbe wenye adabu nyingi, mara nyingi kutoka kwa watu wa kubeti: "Tunaomba nafasi ya linki moja, tutalipia, ila isiwe na nofollow." Hilo sharti la mwisho ndilo linalowaumbua, maana wanachonunua si wasomaji, ni nafasi Google. Kuuza linki ya namna hiyo ni kuvunja masharti ya Google, na adhabu inaweza kumwangukia muuzaji pia. Taarifa yake utaikuta Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Mwambie alipe na aandikiwe sponsored. Wengi hapo hunyamaza. Na mdogo wangu, tovuti ya mteja si yako, usiiuzie kitu bila yeye kujua.

Sifa ya noopener isikusumbue, ni ya usalama tu linki inapofunguka kwenye dirisha jipya. Noreferrer nayo haigusi nafasi yako, lakini inamficha mwenye tovuti ya pili asijue mgeni katokea wapi. Kama mteja wako anataka mwenye boti za Msimbati aone kwamba wateja wanatoka kwake, iondoe. Linki za ndani, za kwenda ukurasa wa bei au wa mawasiliano, usizitie nofollow kabisa.

Jambo ambalo wachache hulifanya ni kurudi kuzibofya. Mradi ukiisha, jina la tovuti yake linaweza lisilipiwe tena, likanunuliwa na mtu mwingine, na linki uliyoiweka kwa nia njema ikamfikisha mgeni kwenye kasino. Pitia zote walau kila msimu wa korosho unapoanza. Iliyobadilika ifute au tafuta chanzo kingine. Kuitia nofollow hakumzuii mgeni kuibofya.