Kabla hujasema uwanja ulikuwa mtupu: namna ya kusoma mahudhurio ya futiboli katika vyuo vya Weusi Marekani

Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani, kuanzia mwishoni mwa Agosti, kuna picha inayozunguka mitandaoni: mabenchi matupu katika uwanja wa chuo cha kihistoria cha Weusi, na maneno chini yake kwamba vyuo hivi havina mashabiki tena. Wiki mbili baadaye inakuja picha nyingine ya chuo hichohicho, uwanja umefurika hadi kwenye ngazi. Zote ni za kweli, na ukitegemea moja tu utapotea. Mwanafunzi anayechagua chuo, mzazi aliyeko Houston au Baltimore anayetaka kupeleka watoto mechini, mhitimu anayeombwa mchango wa jukwaa jipya, wote wanahitaji kuzisoma namba hizi vizuri.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. Kwa sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965, hivi ni vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani weusi. Viko takriban 100, na si vyote vina timu ya futiboli. Vikubwa kimichezo viko katika ligi mbili: SWAC, yenye timu 12 kuanzia Florida hadi Texas, na MEAC, yenye timu sita za futiboli kutoka Delaware hadi South Carolina. Tennessee State, Hampton na North Carolina A&T wanacheza katika ligi mchanganyiko. Wote hawa wako FCS, daraja la pili la futiboli ya vyuo, kwa hiyo kuwalinganisha na vigogo wa daraja la kwanza kama Alabama au LSU ni kuwaonea. Walinganishe na wenzao wa FCS, na hapo utaona mambo ya kushangaza: mwaka 2021 Jackson State ya Mississippi ilipata wastani wa zaidi ya watu 42,000 kwa mechi za nyumbani, na hakuna timu nyingine ya FCS iliyoifikia mwaka ule.

Uwezo wa uwanja unahesabiwaje

Viwanja vingi vya vyuo hivi havina viti vya mtu mmoja mmoja. Vina mabenchi marefu ya alumini. Kanuni za ujenzi za Marekani humpa kila mtu inchi 18 za benchi, yaani karibu sentimita 46. Ukijua hilo unaweza kukagua mwenyewe namba unayotajiwa. Chukua jukwaa lenye safu 30, kila safu mita 50. Toa njia nne za kupandia, kila moja karibu mita 1.2, zinabaki mita 45.2. Gawanya kwa 0.457: watu 98 kwa safu, 2,940 kwa jukwaa zima, 5,880 kwa pande mbili. Ukiona uwanja wa namna hiyo umetangazwa kuwa ni wa watu 10,000, ujue wameongeza ama mabenchi ya muda nyuma ya magoli ama watu wa kusimama.

Hizo inchi 18 ni za kwenye karatasi. Mtu mzima aliyevaa koti la Novemba na kubeba blanketi anakalia nafasi kubwa zaidi, ndiyo maana jukwaa huonekana limejaa kabla idadi haijafika. Na bendi ya chuo, inayokaa jukwaani na kucheza uwanjani wakati wa mapumziko, nayo inakula nafasi. Bendi ya chuo kikubwa ina wanamuziki 200 au zaidi, na mpiga tuba mmoja hakai kwenye sentimita 46. Kuna wasimamizi wanaowahesabu wanabendi katika mahudhurio na kuna wasiowahesabu. Ukitaka kulinganisha vyuo viwili, uliza hilo kwanza.

Ukubwa wa uwanja hauendi na ukubwa wa chuo, na hapa ndipo wengi hukosea. Howard, chuo chenye wanafunzi zaidi ya 10,000 katikati ya Washington, kinachezea Greene Stadium, uwanja mdogo usiozidi watu 10,000 uliobanwa na majengo pande zote. Southern ya Baton Rouge ina wanafunzi wachache kuliko Howard lakini A.W. Mumford Stadium unachukua watu wapatao 28,500. Norfolk State ina uwanja wa 30,000 uliofunguliwa 1997. Mississippi Valley State, alikosoma nyota wa futiboli Jerry Rice, ina Rice-Totten wa 10,000. Kinachojaza uwanja ni wahitimu wanaoishi umbali wa kuendesha gari asubuhi na kurudi usiku, pamoja na mji usio na timu nyingine kubwa ya kuwagombania. Howard inashindana na kila kitu kilichoko Washington. Mjini Jackson, Jumamosi ya mechi ni siku ya Jackson State.

Hata huyo bingwa wa mahudhurio ana tatizo lake. Uwanja wa Jackson State, Mississippi Veterans Memorial Stadium, una nafasi zaidi ya 60,000 na uko nje ya kampasi. Aliyewahi kuona mechi ya kawaida ya ligi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, siku ambayo si ya Simba na Yanga, anaelewa: watu 12,000 ni umati mkubwa, lakini ndani ya uwanja wa 60,000 wanaonekana kama wamesahaulika. Watu haohao uwaweke Armstrong Stadium wa Hampton, wenye nafasi kama 12,000, na tiketi zimekwisha. Kwa hiyo usiulize asilimia ya viti vilivyojaa bila kuuliza idadi yenyewe ya watu, wala idadi bila asilimia.

Wastani unadanganya, na mechi kubwa hazichezwi nyumbani

Timu hizi kwa kawaida hucheza mechi tano au sita tu nyumbani kwa msimu. Moja ya hizo ni ya wiki ya wahitimu kurudi chuoni, na hiyo peke yake inaweza kuvuruga hesabu nzima. Chukua chuo cha mfano chenye mahudhurio haya: 9,000, 7,500, 24,000, 8,000 na 6,500. Jumla 55,000, wastani 11,000. Lakini mechi nne kati ya tano hazikufika hata 10,000. Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati: 8,000. Hiyo ndiyo picha ya Jumamosi ya kawaida, na ndiyo ya kutumia unapopanga idadi ya walinzi au vibanda vya chakula. Ile 24,000 ndiyo ya kutumia unapopanga maegesho na vyoo vya kukodi. Anayetumia wastani kwa yote mawili atakosea kote kuwili.

Kosa linaloumiza zaidi ni kusahau mechi za uwanja wa tatu. Grambling na Southern, watani wa jadi wa Louisiana, hukutana kila mwaka katika Bayou Classic, Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, ndani ya Superdome ya New Orleans yenye nafasi zaidi ya 70,000. Mchezo huo ulianza 1974. Alabama A&M na Alabama State hukutana Legion Field, Birmingham, katika Magic City Classic, na kuna miaka umati umepita 60,000. Florida A&M na Bethune-Cookman huenda Orlando. Grambling na Prairie View huenda Cotton Bowl, Dallas, wakati wa maonyesho ya jimbo la Texas. Takwimu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huziweka mechi za uwanja usio wa timu yoyote katika fungu lake, mbali na za nyumbani.

Sasa itazame Grambling kwa jicho hilo. Mechi zake mbili kubwa kila mwaka zinachezwa New Orleans na Dallas. Zinazobaki kwenye Eddie G. Robinson Memorial Stadium, wenye nafasi kama 19,600, ni zile ndogo. Anayesoma safu ya nyumbani peke yake ataona timu dhaifu, wakati ni timu iliyochagua kupeleka umati wake kwenye miji mikubwa.

Uchaguzi huo una historia. Enzi za ubaguzi, vyuo hivi vilipewa fedha kidogo na majimbo na viwanja vyao vilikuwa vidogo, na miji kama Grambling haikuwa na hoteli za kulaza maelfu ya watu. Kocha Eddie Robinson, aliyeiongoza timu kuanzia 1941 hadi 1997 na kushinda mechi 408, alisafiri na vijana wake hadi Yankee Stadium mwaka 1968 kucheza na Morgan State mbele ya watu zaidi ya 60,000. Mwaka 1984 Alcorn State na Mississippi Valley State walipokuwa moto, mechi yao ilihamishiwa Jackson ikachezwa Jumapili, na watu zaidi ya 60,000 wakafika. Wala uhusiano wetu sisi na vyuo hivi si wa mbali: Julius Sang na Robert Ouko, wawili kati ya Wakenya wanne walioshinda dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne huko Munich 1972, walikuwa wanafunzi wa North Carolina Central, chuo ambacho leo uwanja wake wa futiboli unachukua watu kama 10,000.

Picha ya saa ngapi?

Kabla hujaamini picha ya majukwaa matupu, uliza ilipigwa dakika ipi. Robo ya kwanza, maelfu bado wako kwenye maegesho wanachoma nyama. Wengine wana tiketi mfukoni, wengine hawana nia ya kuingia kabisa. Mapumziko yanapokaribia, watu humiminika. Muda wa kawaida wa mapumziko ni dakika 20, lakini timu zinaweza kukubaliana kuurefusha, na hapa bendi ndizo zinazosubiriwa: Sonic Boom ya Jackson State, Human Jukebox ya Southern, Marching 100 ya Florida A&M. Hakuna anayeinuka kwenda kununua chakula. Wanainuka robo ya tatu inapoanza, na ndipo majukwaa yanapobaki na mapengo na foleni za vibanda zinapozunguka uwanja. Picha ya haki ni ya mapumziko. Ukitaka kukadiria mwenyewe, hesabu safu zilizojaa kwenye kipande kimoja cha jukwaa wakati huo, zidisha kwa idadi ya vipande, kisha toa vile unavyoona vina mapengo.

Ujue pia kwamba namba inayotangazwa inaweza kuwa ya tiketi zilizouzwa au ya watu waliopita getini, na siku ya mvua tofauti huwa kubwa. Magazeti huandika ile iliyotangazwa.

Kwa anayekwenda: nunua tiketi ya upande wa nyumbani, kati ya mstari wa yadi 35 upande mmoja na 35 upande wa pili, safu za juu. Wengi hukimbilia safu za chini wakidhani ndizo bora. Kwa mchezo huenda, lakini maumbo ambayo bendi inayachora uwanjani huyaoni ukiwa chini. Unaona migongo ya wachezaji wa akiba na viatu vya wapiga ngoma. Bendi ya nyumbani kwa kawaida huelekeza sauti upande wa wenyeji, kwa hiyo ukikaa upande wa wageni utasikia mwangwi. Beba kitu cha kukalia, maana benchi la alumini la Septemba huko Louisiana linachoma. Mfuko uwe wa plastiki inayoonyesha ndani. Kipimo cha kawaida ni sentimita 30 kwa 15 kwa 30, na mkoba wa kawaida utarudishwa getini. Tenga muda wa saa tatu na nusu hadi saa nne kwa ajili ya mchezo, na usiondoke kipenga cha mwisho kikilia. Inafuata wanayoiita robo ya tano, bendi mbili zikijibizana kutoka majukwaani, na kwa wengi hiyo ndiyo sehemu waliyoijia.

Kwa mhitimu anayeombwa mchango wa kupanua uwanja, omba mahudhurio ya miaka mitano ya kila mechi, si wastani, na utenge ya wiki ya wahitimu. Ikiwa ni mechi moja tu kwa mwaka inayozidi uwezo, mabenchi ya kukodi yatatosha, na fedha ziende kwenye taa, vyumba vya wachezaji na vyoo. Ikiwa ni mechi tatu au nne, jukwaa lina hoja. Hapo kagua kama mchoro umehesabu nafasi za viti vya magurudumu: sheria inadai nafasi 36 kwa viti 5,000 vya kwanza, kisha moja kwa kila viti 200 vinavyozidi, hivyo uwanja wa 25,000 unahitaji 136. Kila nafasi hula benchi la zaidi ya mtu mmoja, na mara nyingi ndizo husahaulika kwenye ile namba kubwa iliyoandikwa juu ya bango la harambee.