Simu ya marehemu ilipoita

Mbia wangu alifariki ghafla Jumanne usiku. Jumatano asubuhi simu yake ya kazi ilikuwa mezani kwangu, inaita na kunyamaza, inaita tena. Wateja, msambazaji anayedai, dereva anayeuliza mzigo uende wapi. Nilikaa naitazama tu.

Nianze na kosa langu. Nilikaa siku tatu bila kuwaambia wafanyakazi lolote kuhusu kazi. Niliona kutaja mishahara kabla hatujazika ni kumvunjia marehemu heshima. Kumbe wenzangu walikuwa wanalia huku wanapiga hesabu ya kodi ya nyumba, kila mmoja akiona aibu kuuliza. Fundi mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia kazi kwingine. Utu alikuwa nao. Alichokosa ni habari.

Kwa hiyo sema mapema: mshahara wa mwezi huu upo au haupo, familia ya marehemu italipwa nini na mpaka lini, simu zitapokelewa na nani. Hujui? Sema hujui, taja siku utakayokuja na jibu, na siku hiyo uje nalo.

Katika mashambulizi ya kigaidi ya tarehe 11 Septemba 2001, Cantor Fitzgerald, kampuni ya fedha ya New York, ilipoteza wafanyakazi 658. Mkuu wake, Howard Lutnick, naye alifiwa na mdogo wake siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye alisimamisha mishahara ya waliopotea, akalaumiwa vikali. Ndipo kampuni ikaahidi familia hizo asilimia 25 ya faida kwa miaka 5 na bima ya afya kwa miaka 10. Msiba wangu haufiki hata kidole cha ule, lakini nikisoma habari hiyo najiuliza ingekuwaje kama ahadi ingetangulia.

Upande wa fedha, akaunti yetu ilihitaji saini mbili, na nusu ya madeni tuliyokuwa tunadai yalikuwa kichwani mwake. Ongeza mtia saini wa tatu leo, wote mkiwa wazima.

Halafu kuna kiti chake. Wiki ya tano nilimkalisha pale kijana mpya, bila kumuuliza mtu. Mhasibu akainuka, akatoka nje, akarudi mchana macho mekundu. Nikamhamisha kijana. Mwezi mmoja baadaye mhasibu mwenyewe alimwita aje kukaa. Koti la marehemu, lililokuwa mgongoni mwa kiti, amelitundika nyuma ya mlango. Sijamuuliza litakaa pale mpaka lini.