Mkutano wa wazazi umegeuka ugomvi wa vyama, na mwanangu hajui kusoma

SWALI

Assalamu alaykum, Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Fuoni, Zanzibar, na wote wanasoma skuli ya Serikali iliyo karibu nasi. Mkubwa yuko Darasa la Tano, mkondo wa mchana, na darasani kwao wamejaa hata wengine hukaa chini. Nimegundua kuwa hawezi kusoma aya moja ya Kiswahili bila ya kukwama, ilhali daftari lake limejaa maandishi mazuri aliyoyanakili ubaoni. Nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi ili niliseme jambo hili, lakini kabla sijapewa nafasi mzazi mmoja alisema skuli zimeharibiwa na chama kinachotawala, mwengine akamjibu kuwa wapinzani hawayaoni majengo mapya ya ghorofa, na wa tatu akautupia lawama Muungano. Tuliondoka bila ya kukubaliana jambo hata moja. Mume wangu anataka tumhamishie mtoto skuli ya binafsi. Je, siasa zina nafasi katika mkutano kama ule, na mwanangu nimfanyie nini?

Mama wa watatu, Fuoni

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Siasa zina nafasi katika mkutano wa wazazi, tena nafasi kubwa, kwa sababu walimu, madawati na vitabu hutegemea bajeti, na bajeti hupitishwa na wanasiasa. Kilichowapoteza siku ile ni kwamba kila mmoja alitafuta chama cha kukilaumu au cha kukitetea, na hakuna aliyeuliza jambo lenyewe linamhusu nani. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Katika elimu, yaliyomo kwenye orodha ya Muungano ni elimu ya juu na Baraza la Mitihani. Skuli yenu iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kupitia Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na fedha zake huidhinishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, si Dodoma. Wa kuulizwa ni Mwakilishi wenu, awe wa chama chochote kile, na aulizwe kabla ya kikao cha bajeti kinachoanza mwezi wa Mei.

Sababu kubwa ya msongamano inaonekana katika sensa. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakahesabiwa 893,169, yaani idadi imeongezeka kwa nusu katika miaka kumi. Wengi wamejenga pembezoni mwa mji, Fuoni, Tomondo, Kinuni na Kisauni, na skuli zilizowekwa kwa ajili ya vijiji sasa zimebebeshwa mji. Majengo ya ghorofa ya miaka ya karibuni ni msaada wa kweli, na sioni sababu ya mtu kuyakana. Lakini jengo halifundishi, na si haki kulitumia kumnyamazisha mzazi anayeuliza mwanawe anafundishwa na nani na kwa saa ngapi.

Kuna jambo jengine linalonisikitisha. Tangu michango ya skuli ilipofutwa, wazazi wengi hujiona hawana haki ya kudai, ati cha bure hakiulizwi. Elimu bila malipo, aliyoitangaza Mzee Abeid Amani Karume tarehe 23 Septemba 1964, ilikuja kufuta ubaguzi wa nani asome na nani asisome. Haikuja kumfunga mzazi mdomo, na kodi inayoiendesha mnailipa nyinyi wenyewe.

Katika mkutano ujao, mwombeni mwenyekiti wa Kamati ya Skuli aweke swali moja tu: ni watoto wangapi wa Darasa la Tatu wasioweza kusoma aya ya Kiswahili na kuielewa? Mwalimu mkuu anaweza kulijibu iwapo walimu wake watamsikiliza kila mtoto kwa dakika chache. Idadi hiyo ikipatikana, mtakuwa na kitu cha kumpelekea Afisa Elimu wa Wilaya na Mwakilishi, na hata wanaopingana kwa vyama watakuwa wanazungumza jambo moja.

Nimelitaja Darasa la Tatu kwa makusudi, kwani hapo bado pana muda wa kumsaidia mtoto kabla hajafika Darasa la Tano. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na ikaelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Mtoto anayefika hapo hajui kusoma hata lugha ya nyumbani kwao huongezewa lugha asiyoijua, na kinachobaki kwake ni kunakili ubao. Daftari safi limewadanganya wazazi wengi.

Wako usimwite mzito. Je, chuoni, yaani madrasa, anasoma msahafu? Ikiwa ameshika herufi za Kiarabu na irabu zake mpaka anaunganisha maneno, basi uwezo wa kusoma anao. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye. Kila usiku baada ya Isha mfungulie kitabu cha Kiswahili cha Darasa la Pili, ukurasa ambao hajauhifadhi, asome kwa sauti huku kidole kikifuata silabi. Anapokwama, mwache ajaribu kuunganisha mwenyewe kabla hujamsaidia, kisha mwulize amesoma nini. Robo saa inatosha.

Kumhamisha sasa sikushauri. Skuli nyingi za binafsi hufundisha kwa Kiingereza tangu maandalizi, na mtoto asiyesoma Kiswahili atawekwa na wenziwe waliokwisha kumpita mbali, au arudishwe madarasa ya chini, na ada itawabana hata wadogo zake. Akishasoma vyema na bado mkaona inafaa, ngojeni mwaka wa masomo unapoanza Januari. Na hata mkimhamisha, mikutano ya skuli usiiache, kwani wadogo zake wawili bado wako hapo.