Nina GTX 1660 Super na laki sita, nichukue monita ya 4K au ya 165 Hz?

SWALI: Fundi shikamoo. Nipo Mwanza, nina PC niliyounga mwenyewe, prosesa Ryzen 5 3600, RAM 16 GB, GPU ni GTX 1660 Super. Mpaka sasa natumia kioo cha ofisi cha inchi 19 cha kuazima na mwenyewe ameshaanza kukiulizia. Nimetenga laki sita. Duka moja wananipa inchi 27 ya 4K, used, jamaa anasema picha yake kama ya simu, ila inaishia 60 Hz. Duka lingine wana mbili mpya na bei hazipishani sana, moja inchi 24 flati ya IPS, 165 Hz, 1080p, nyingine inchi 27 iliyopinda, ya VA, nayo 165 Hz na 1080p. Nacheza sana Valorant ya kulengana risasi, na FC ya mpira, na GTA V usiku nikitulia. Mdogo wangu ana PS4 anataka tuwe tunaichomeka humo humo. Kwenye grupu wamegawanyika, nusu wanasema 4K ni 4K tu. Nichukue ipi? Na hiyo 1 ms kwenye boksi maana yake nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua ile ya 24 ya IPS. Ukiwa na haraka ishia hapo nenda kalipe, ila ukiwa na dakika kumi kaa nikwambie kwa nini, maana hao wa kwenye grupu watakusumbua ukifika nayo nyumbani.

Watu wengi wanaanza na kioo wakati ilitakiwa waanze na GPU, ile kadi inayochora picha. Kioo hakichezi gemu, kinaonyesha tu kile GPU ilichopika. Sasa chukua kalkuleta, 1080p ni pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, ukizidisha unapata kama milioni 2 na kidogo. 4K ni 3840 kwa 2160, hiyo ni milioni 8.3. Yaani GPU yako ile ile itatakiwa ifanye kazi mara nne kwa kila fremu moja, yaani kila picha moja inayochorwa, na 1660 Super ni kadi ya 2019 yenye memori ya GB 6, ilitengenezwa kwa ajili ya 1080p na hapo inafanya kazi nzuri sana mpaka leo. Ukiipeleka 4K kwenye GTA V na setingi za juu utaiona inavyohema, na magemu mapya ndo kabisa, utakuwa unaangalia slaidi.

Najua utaniambia si nitashusha rezolusheni niweke 1080p humo humo kwenye kioo cha 4K. Inawezekana na kusema kweli haitakaa vibaya, kwa sababu 4K ni 1080p mara mbili kamili kila upande kwa hiyo pikseli moja inaweza kugeuka nne bila kukatwa vibaya. (Kwenye kioo cha 1440p, kile cha katikati ya 1080p na 4K, ndo inakuwa na ukungu, pale hesabu haigawanyiki vizuri.) Lakini jiulize, umelipia 4K alafu unacheza 1080p, na bado umefungwa kwenye 60 Hz. Sasa umenunua nini hapo?

Hiyo 60 Hz ndo kiini cha swali lako, kuliko hata 4K. Hz ni mara ngapi kioo kinajichora upya kwa sekunde moja. Kikiwa 60, kila picha inakaa mbele yako milisekunde 16.7 kabla nyingine haijaja. Kikiwa 144 inakaa milisekunde 6.9, na 165 inakaa kama 6 tu. Kwenye Valorant mtu anachungulia kwenye kona na kurudi, wewe wa 60 unaonyeshwa picha ya zamani wakati mwenzako ameshaonyeshwa mbili zaidi. Haikufanyi uwe fundi wa kulenga, kama ulikuwa unakosa shabaha utaendelea kukosa, ila angalau sasa utakuwa unakosa kitu ulichokiona. Na PC yako kwa Valorant inapita fremu 165 bila shida, gemu lenyewe ni jepesi, kwa hiyo hizo Hz utazitumia kweli.

Tukiwa hapo hapo, asije mtu akakushawishi ujibane mpaka ufike 240. Kutoka 60 kwenda 144 unapunguza karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Kutoka 144 kwenda 240 unapunguza 2.8 tu. Mruko wa kwanza hata mama yako akipita nyuma yako atauona, wa pili unahitaji macho ya watu wanaocheza kwa ajili ya hela.

Sasa hizi mbili za 165. Inchi 27 kwa macho ya dukani inavutia, imepinda, inaonekana ya kisasa, na ndo maana wanaiweka mbele. Lakini ina pikseli zile zile za ile ya 24, zimetandazwa tu kwenye eneo kubwa, kama chapati ile ile umeisukuma zaidi. Kwenye 24 unapata pikseli kama 92 kwa kila inchi, kwenye 27 unapata 82. Ukiwa umekaa mbali na kioo hutajali, ila meza zetu nyingi ni za sentimita 50 au 60, pua iko pale kwenye kioo, utaanza kuona maandishi yana meno. Inchi 27 inapendeza ikiwa 1440p, na hiyo ni safari nyingine ya hela na ya GPU.

Alafu kuna suala la paneli, yaani kioo chenyewe kimetengenezwaje, VA na IPS ni aina mbili za paneli. VA ina weusi mzuri kweli, kontrasti yake huwa kama 3000 kwa 1 wakati IPS nyingi zinacheza kwenye 1000 kwa 1, kwa hiyo usiku taa zimezimwa unacheza GTA, VA itakupa giza la kweli na IPS itakupa kijivu fulani hivi kwenye pembe. Hilo siwezi kukuficha. Shida ya VA za bei hizi ni kwamba pikseli zake zinachelewa kutoka kwenye weusi kwenda kwenye rangi nyingine, unapozungusha kamera sehemu yenye giza unaona kitu kinaburuta mkia kama wino uliomwagika. Kwa mtu wa muvi sio neno. Kwa mtu wa Valorant inakera, na ukishaiona mara ya kwanza huwezi tena kuacha kuiona.

Hapo ndo tunafika kwenye 1 ms yako, yaani milisekunde moja. Kuna 1 ms za aina mbili na boksi halipendi kukwambia ni ipi. Moja inaandikwa GtG, huo ni muda wa pikseli kubadilika kutoka kijivu kimoja kwenda kingine, na wanapima ule mruko uliotoka vizuri kuliko yote, tena wakiwa wameweka setingi ya ovadraivu, ile ya kuharakisha pikseli, mpaka mwisho kiasi kwamba ukiiweka hivyo nyumbani unaona vivuli vyeupe nyuma ya kila kitu. Nyingine inaandikwa MPRT, hii mara nyingi inapatikana kwa kuzimazima taa ya nyuma ya kioo haraka haraka ili jicho lisione ukungu, na ukiiwasha mwanga unashuka na kwenye monita nyingi FreeSync, ile ya kioo kuifuata GPU, inakatika. Kwa hiyo VA ya 1 ms na IPS ya 1 ms kwenye boksi ni ndugu, ukiziweka mezani sio ndugu hata kidogo. Mimi hiyo namba huwa sisomi. Na ukiona kimeandikwa HDR, ile ya mwanga mkali na giza zito kwenye picha moja, kwenye kioo cha laki sita, hiyo nayo pita kama hujaiona, kinapokea tu signali ya HDR lakini mwanga wa kuionyesha hakina.

Kitu cha kusoma ni FreeSync. Kadi yako ni ya Nvidia lakini tangu Januari 2019 draiva za Nvidia zinakubali monita za FreeSync kwa kadi za GTX 10 kwenda juu, na yako imo. Faida yake utaiona kwenye GTA ambako fremu zitakuwa zinapanda na kushuka, mara 90 mara 70, kioo kinaifuata GPU badala ya kwenda mwendo wake, picha haichaniki katikati. Ila kwa hiyo kadi yako ni lazima utumie waya wa DisplayPort, kwa HDMI usitegemee.

Waya huo huo ndo unaniingiza kwenye kisa kimoja. Mwaka jana jamaa nilimuungia PC akaenda mwenyewe kununua monita ya 144 Hz, wiki tatu baadaye karudi nayo kifuani kanuna, anasema ameuziwa feki, haoni tofauti yoyote na ile ya zamani. Nikaichomeka, nikabonyeza kitufe cha menyu nyuma ya kioo, pale juu imeandikwa 60 Hz. Nikamuuliza boksi liko wapi, lilikuwa kwenye gari. Waya wa DisplayPort bado uko kwenye nailoni yake, hajaufungua, alitumia HDMI ya king'amuzi. Nikaubadilisha, nikaingia Windows, Settings, System, Display, Advanced display, pale kwenye orodha ya Hz nikatoa 60 nikaweka 144. Nikamwambia zungusha mausi. Akazungusha duara moja, la pili, kisha akacheka peke yake, akabeba kioo chake akaondoka bila kuniaga vizuri. Wiki tatu alikuwa anacheza na 60 ndani ya 144.

Kwa hiyo ukifika nyumbani fanya hivyo kabla ya kufungua gemu lolote. Monita nyingi za 165 zinatoa 165 kwenye DisplayPort tu, kwenye HDMI zinaishia 144 au 120. Na chomeka kwenye GPU yenyewe, zile tundu zilizolala chini, sio zile za maza bodi. Ryzen 5 3600 haina grafiki ndani yake, ukichomeka kwenye maza bodi utaona giza tu na utanipigia simu saa nne usiku.

Dukani usikubali kuuziwa boksi. Mwambie aiwashe. Kwenye simu yako weka picha tano za rangi tupu, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, zifunguliwe kwenye kioo hicho, au kama kuna kompyuta yenye intaneti fungua tovuti ya TestUFO utaona mwendo na Hz papo hapo. Kwenye nyeupe tafuta nukta nyeusi, kwenye nyeusi tafuta nukta inayong'aa. Kwenye nyeusi pia utaona mng'ao kwenye pembe, IPS zote wanazo kidogo, wewe sogeza kichwa: mng'ao ukihama au ukipungua hiyo ni tabia ya IPS, ukikaa pale pale kama doa hiyo ni taa inavuja, omba nyingine. Kisha geuza nyuma usome lebo, jina la modeli ndo ukweli, ulitafute mtandaoni ukiwa umesimama hapo hapo, maana neno "gaming" linabandikwa hata kwenye vioo vya 75 Hz.

Ukiwa hapo nyuma angalia na umeme unaingiaje. Hili watu hawaliulizi ila sisi mafundi ndo tunaliona kila wiki. Kuna monita zenye pawa saplai ndani na kuna zenye adapta ya nje kama ya laptop. Mimi napenda za adapta. Umeme ukirukaruka ukaichapa, kinachokufa mara nyingi ni adapta, unanunua nyingine ya volti zile zile na ampea zisizopungua unaendelea na maisha. Ya ndani ikiungua unafungua kioo kizima, na plastiki zake zile za kubana zikishafunguliwa mara moja hazirudi vizuri. Vyovyote vile usiichomeke ukutani moja kwa moja, iweke kwenye UPS pamoja na PC, kama huna basi angalau fridge guard, sio ya mbwembwe, ile ya kawaida inatosha.

PS4 itakaa vizuri kwenye HDMI na PC ikabaki kwenye DisplayPort, unabadilisha kwa kitufe tu, hakuna kuchomoa chomoa. PS4 inatoa 60 Hz na haitazidi hapo hata ukiipa kioo cha dhahabu, kwa hiyo mdogo wako asitegemee ulaini wa Valorant kwenye FC yake. Rezolusheni ya PS4 ya kawaida ni 1080p, inalingana na kioo chako pikseli kwa pikseli, na hapo utaona ile 4K isingemsaidia hata yeye. Sauti ndo muulize muuzaji, monita nyingi za gemu hazina spika. Kama haina, mara nyingi ina tundu la hedfoni nyuma, chomeka spika ndogo hapo, au achomeke hedfoni kwenye pedi yenyewe.

Na ile 4K ya used usiidharau moja kwa moja. Kama ungeniambia unafanya grafiki au unaedit picha, ningekwambia ikague vizuri uichukue na ile ya 24 uiache. Lakini umeniambia Valorant.

Ukishafika dukani nipigie picha ya ile lebo ya nyuma unitumie kabla hujatoa hela. Hela itakayobaki usile, katafute kishikio cha mezani, stendi za monita za bei hii nyingi zinainama tu mbele na nyuma, hazipandi wala hazishuki, na shingo yako utaihitaji. Kabla ya kukinunua hakikisha kioo kina matundu manne nyuma, yale ya milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, yakikosekana kishikio hakina pa kushika.