Juana la Loca (2001): mbona watazamaji wamegawanyika?

Unauliza kwa nini filamu hii ya Kihispania kuhusu Malkia Juana wa Castilla, aliyeitwa "Juana Kichaa", wapo wanaoimwagia sifa na wapo wanaosema ni makelele ya wivu tu. Mwongozaji wake, Vicente Aranda, hakuanzia kwenye nyaraka za Castilla, ufalme wa Hispania ya zamani. Alianzia kwenye tamthilia ya jukwaani ya Manuel Tamayo y Baus, ya 1855, mahaba ya kufa mtu. Ndiyo maana Aixa, yule Mwislamu mrembo anayemteka Felipe, mume wa Juana, humkuti kwenye historia. Siasa imo, ila inaburutwa nyuma ya kitanda, na hapo wapenda historia hununa.

Kinachowachanganya wengi ni kwa nini mume ang'ang'anie mkewe atangazwe kichaa. Shika hili kabla ya kuanza kuitazama: Malkia Isabel, mama yake Juana, alipofariki Novemba 1504, taji la Castilla lilimwangukia Juana, si Felipe. Akionekana hana akili, mume anatawala. Felipe mwenyewe alikufa Burgos 1506, kisha baba mtu, Fernando, akamfungia binti katika mji wa Tordesillas kuanzia 1509. Hakutoka hadi kifo chake, 1555. Ukilijua hilo, wivu wake unausoma kwa jicho jingine.

Uigizaji hauna ubishi. Pilar López de Ayala, anayeigiza Juana, alipata Goya, tuzo ya filamu ya Hispania, ya mwigizaji bora wa kike, na tazama pale anapojifungua mwanawe Carlos chooni: hakuna madoido. Iangalie kwa Kihispania chenye maandishi chini, maana sauti ya kubandikwa inaua nusu ya hasira yake. Na si ya kuangalia na watoto sebuleni.