Kila dawa ina kalenda yake

Wadogo zangu mnaoanza wodi, najua mmekariri. Kichefuchefu, kuharisha, kizunguzungu, vipele. Orodha hiyo itakuvusha kwenye mtihani wa karatasi, lakini mbele ya mgonjwa haikufikishi mbali, kwa sababu dawa zinazoleta kichefuchefu hazihesabiki. Mimi ningekushauri kila dawa uiulize swali moja: madhara yake huja lini?

Mzio mkali wa penisilini kwa kawaida hujionyesha ndani ya saa moja, mara nyingi ndani ya dakika chache. Enalaprili, dawa ya shinikizo la damu na moyo, inaweza kupandisha potasiamu katika wiki mbili za kwanza, ilhali kikohozi chake kikavu pengine kitasubiri miezi, mpaka mgonjwa mwenyewe asahau kwamba kuna dawa aliyoanza. Ukishajua lini, siku ya kupima unaijua bila kukariri.

Mchukulie mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu iliganda kwenye mshipa wa mguu. Lengo la INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ni 2 hadi 3, yake imetulia kwenye 2.5. Anagundulika ana kifua kikuu, anaanzishiwa dawa, rifampisini ikiwemo. Rifampisini hulifanya ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja warfarini, ila vimeng'enya ni protini, haviundwi kwa usiku mmoja. INR ya siku ya pili itakuja nzuri, na asiyejua ataandika kwenye faili kwamba hakuna shida. Wiki moja au mbili baadaye imeshuka hadi 1.3. Dozi ya warfarini inaongezwa, inaongezwa tena, na mara nyingine inafika maradufu ya ile ya mwanzo au zaidi.

Mpaka hapo wengi wanafuatilia vizuri. Shida huja miezi sita ikiisha, mgonjwa akamaliza dawa za kifua kikuu na kila mtu akampongeza. Vimeng'enya vya ziada vinaanza kupungua taratibu, kwa wiki mbili hivi au zaidi, huku yeye akiendelea kumeza ile dozi kubwa ya warfarini. INR inapanda kimyakimya hadi 6 au 7. Anapoanza kutokwa damu, daktari aliye zamu anapekua orodha ya dawa na haoni chochote cha kulaumu, maana rifampisini haimo tena. Kwa hiyo ukichukua historia ya dawa, usiishie kwenye "unatumia dawa gani?" Uliza pia ni dawa gani ameacha au kumaliza wiki chache zilizopita. Ni swali la sekunde kumi, na sijui kwa nini hatulifundishi siku ya kwanza.

Flukonazoli ya fangasi, na antibiotiki metronidazoli na kotrimoksazoli, hufanya kinyume chake: zinakizuia kimeng'enya ambacho tayari kipo, kwa hiyo hazina haja ya kusubiri. Hapo INR irudiwe ndani ya siku 3 hadi 5, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri.

Kwenye figo, kosa la kawaida ni woga. Baada ya kuanza enalaprili, kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, kupanda kidogo kunatarajiwa. Ikiwa haijazidi asilimia 30 ya ile ya mwanzo na potasiamu haijavuka 5.5, kwa kawaida dawa inaendelea na kipimo kinarudiwa. Nimeona ikikatwa kwa ongezeko la asilimia 10, na mgonjwa wa moyo akarudi amevimba miguu. Bila shaka, hesabu hiyo haiwezekani kama hukupima kreatinini kabla ya kuanza. Kinachostahili woga ni ibuprofeni aliyojinunulia kwa ajili ya mgongo, juu ya enalaprili na furosemidi. Furosemidi imepunguza maji mwilini, enalaprili imelegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, na ibuprofeni inaubana ule unaoiingiza. Chujio linabaki bila msukumo.

Saa nazo ni sehemu ya kalenda. Damu ya kupima digoksini, dawa ya moyo, ichukuliwe angalau saa 6 baada ya dozi; ya lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, saa 12. Maabara haijui dawa ilimezwa saa ngapi, hivyo andika kwenye fomu. Na digoksini ikisoma kawaida huku potasiamu iko chini, usitulie: moyo unaweza kudhurika vilevile.

Halafu kuna madhara ambayo hata upime kwa ratiba yatakuponyoka. Karbimazoli, dawa ya tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kupita kiasi, inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu ghafla, zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, na kipimo cha Jumatatu hakikuhakikishii Ijumaa. Hapa mlinzi ni mgonjwa mwenyewe: akipata homa au koo likimuuma, aache dawa na aje apimwe wingi wa damu siku hiyohiyo. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo. Mwulize atafanya nini akiamka Jumamosi koo linamuuma. Akijibu kwamba atanunua antibiotiki, anza maelezo upya.